Pazia la Mzee Mbawala Limeshushwa

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, Bwana Josephu Mbawala, Fundi Mwandamizi wa Chumba cha Leza, anastaafu utumishi wake katika Kituo chetu cha Vifaa vya Tiba hapa Chuno, baada ya miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo hakuwahi kuchelewa kazini, hakuwahi kukosa chai ya saa nne, na hakuwahi kukubali kwamba kitu kilichoharibika mikononi mwake kiliharibika mikononi mwake. Sherehe ya kumuaga itafanyika katika ukumbi wa Kituo kuanzia saa nane mchana, na wote mnakaribishwa.

Uongozi umenipa mimi, Mwajuma Issa wa stoo, kazi ya kuandika wasifu huu, ukaniomba niuandike kwa heshima. Nimeahidi. Lakini wasomaji wajue kwamba mimi ni Myao wa Masasi na Mzee Mbawala ni Mngoni wa Songea. Babu zake walikuja Masasi na mikuki kuwateka babu zangu, wakapigana mpaka wote wakachoka, na kilichobaki ni utani. Mtani hakasirikiwi. Akikusema, unacheka, akichukua kitu chako, unakikomboa. Kwa hiyo mahali popote ambapo heshima yangu itaonekana kupungua, lawama wapelekewe mababu.

Mzee Mbawala alizaliwa mwaka 1965 jirani na Peramiho, akasomea ufundi hukohuko, akaja Mtwara mwaka 1994 akiwa na sanduku la bati na masharubu ambayo mpaka leo yanaingia mlangoni kabla yake. Alianza kwa kutengeneza mashine za kuchapia, kisha fotokopi, kisha printa. Alikuwa hodari, na hilo nalisema bila utani. Fotokopi iliyokuwa imewakataa mafundi wawili kutoka Dar es Salaam ilimkubali yeye, ingawa alisisitiza kwamba ilimkubali kwa sababu alizungumza nayo Kingoni.

Mwaka 2012 leza ikafika. Ililetwa na mradi wa wafadhili, ndani ya kreti kubwa lililoshushwa bandarini, pamoja na wataalamu wawili waliokaa wiki mbili, wakamfundisha mhandisi wetu kijana, wakanywa madafu, wakaondoka. Mhandisi kijana naye hakukawia akapata kazi nzuri zaidi Dodoma, akaondoka na mafunzo yake kichwani. Mkuu wa Kituo wa wakati huo akaitisha kikao. Akasema printa za ofisini zina leza ndani, Mbawala anatengeneza printa, basi Mbawala ni mtaalamu wa leza. Kwa hoja hiyohiyo mziba pancha wa pale stendi angekabidhiwa ndege, maana nayo ina matairi. Mzee Mbawala alikuwepo kikaoni, na hakupinga.

Kwa wasiojua tunachofanya katika chumba kile, nieleze. Tunachukua kipande cha plastiki ngumu iliyo angavu, ndugu wa ile ya mabango ya maduka. Mwale wa leza, ambao kwa macho hauonekani, unapigwa kwenye nukta moja kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukizidi nguvu, plastiki inatoboka. Ukipungua, hakuna kinachotokea. Ukiwa wa kadiri, plastiki inavimba pale ulipogusa, kama lengelenge la mtu aliyemwagikiwa na uji, halafu inapoa na kubaki vilevile. Hilo lengelenge, dogo kuliko punje ya ufuta, ndilo lenzi. Tunakibandika kipande chake mbele ya kamera ya simu, na simu ya kawaida inageuka hadubini.

Zahanati nne za kando ya mto Ruvuma zinatumia lenzi hizo. Mwuguzi anaweka tone la mkojo wa mtoto kwenye kioo, anaangalia kwenye simu, na kama mtoto ana kichocho, mayai yake yanaonekana yamelala pale, kila moja na mwiba wake mkiani. Zamani chupa ya mkojo ilisafirishwa hadi mjini, na mvua zikikata barabara ilisubiri, na mtoto akaendelea kukojoa damu huku mama yake akiambiwa avumilie. Kwa hiyo ninapomcheka Mzee Mbawala katika ukurasa huu, msisahau kwamba hizo lenzi zilitoka kwake. Zilifanya kazi. Kuna watoto wa kijiji cha Ziwani na huko chini mtoni ambao leo wana afya kwa sababu Mngoni mmoja alikaa kwenye kiti chake.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumwona amekikalia.

Mwaka wa kwanza tu Mzee Mbawala alifunga pazia kuizunguka mashine. Lilikuwa kanga ya mke wake, nyekundu, imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Alisema ni kwa usalama wa macho yetu, tukamshukuru. Fundi umeme mmoja aliuliza kama kweli kanga inaweza kuzuia mwale wa leza. Alijibiwa kwamba kama ana shaka asogee karibu. Hakusogea, na swali hilo halikuulizwa tena. Hivyo ndivyo kitu kisichoonekana kilivyofichwa nyuma ya kanga kwa miaka kumi na mitatu, na sisi watu wazima, wengine na vyeti vyetu ukutani, tukapita pale kwa kunyata.

Odete Sebastiao aliletwa kuwa msaidizi wake mwaka 2014. Odete ana stashahada ya ufundi wa vifaa vya maabara. Bibi yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, na ukoo wao mpaka sasa unalima mpunga upande huu na kufanya biashara upande ule. Ni mtu wa maneno machache na mikono mitulivu, mtu ambaye ungempa kazi ya kutoa mwiba jichoni. Mzee Mbawala alimpa fagio. Kwa miaka kumi na mmoja Odete amevaa miwani ya usalama akilitazama pazia, akipokea lenzi zilizopitishwa chini ya kanga na kuzibandika kwenye vishikizo vya simu. Kila alipoomba afundishwe, aliambiwa kazi ya mwale haifundishwi, mtu huzaliwa nayo. Odete alizaliwa Kitaya, na huko mwaka ule hata umeme haukuwepo.

Sifa ya Mzee Mbawala ilikua kwa njia ya ajabu kidogo. Odete, aliyekuwa akifagia chumba kile kila siku, hakuwahi kuokota hata kipande kimoja kilichoharibika. Habari hiyo ilienea Kituo kizima. Ikasemekana Mzee hakosei. Mwale wake ukitoka, lenzi imezaliwa. Wageni waliambiwa hivyo, na mwenyewe alikuwa akitabasamu chini ya masharubu bila kukanusha. Mimi wa stoo niliyekuwa nikimtolea plastiki nilikuwa na swali langu dogo, kwa sababu plastiki ilikwisha kama sukari mwezi wa Ramadhani, na lenzi zilizotoka zilijaa kiganja tu. Nilimwuliza. Akaniambia ni unyevu.

Unyevu ulikuwa na wenzake. Kuanzia mwezi wa tano, wakulima wanapopuliza salfa kwenye mikorosho, kosa lilikuwa la salfa: inaingia chumbani, inakaa kwenye vioo vya mashine, mwale unapotea njia. Alifunga madirisha yote na kuziba chini ya mlango kwa taulo bichi, na Odete akashinda humo akitoka jasho ndani ya miwani. Salfa ikiisha, kosa lilihamia kwenye umeme. Umeme ukitulia, lilihamia kwenye malori ya saruji yanayotikisa ardhi. Kulikuwa na wiki moja ambapo umeme ulikuwa mzuri, malori hayakupita, hewa ilikuwa kavu, na lenzi hazikutoka. Wiki hiyo Mzee Mbawala aliomba ruhusa, akasema anaumwa mgongo.

Kuhusu unyevu, hata hivyo, alikuwa na haki, na hapa ndipo inapoingia habari ya wali. Hewa yetu ya pwani inaingia kwenye plastiki, na plastiki iliyolewa unyevu ikipigwa mwale inatoa viputo badala ya lenzi. Kila mtu Mtwara anajua simu ikitumbukia majini inafukiwa kwenye mchele. Mzee Mbawala akaomba ndoo kubwa ya mchele, akafukia humo plastiki zake, na baadaye akaanza kufukia na lenzi zilizo tayari. Ndoo ilikaa stoo kwangu, kwenye rafu iliyo juu ya vitu vya jikoni. Siku wafadhili walipokuja kukagua mradi, mpishi wetu alipungukiwa mchele, akaona ndoo, akaondoa vipande vikubwa vya plastiki, akashukuru Mungu kwa kilichobaki. Pilau likapikwa. Mgeni mmoja alisikika akitafuna kitu kigumu, akakitoa kwa adabu, akakiweka pembeni ya sahani, akaendelea. Wengine hawakutoa kitu. Ripoti ya ukaguzi ilisema kwamba wageni wameridhishwa na walichokiona, na Mzee Mbawala alitembea wiki nzima akisema hao sasa wanaona mpaka tumboni.

Mpaka hapo tungeweza kucheka, kumpa zawadi yake na kumsindikiza. Kilichotukatisha kicheko ni mwezi wa tatu mwaka huu.

Mwezi huo Mkuu wa Kituo, Mama Gladness, alimwita Mzee Mbawala ofisini na kumkumbusha kwamba anastaafu Juni, na kwamba lazima amkabidhi Odete kazi. Alijibu kwamba ataangalia. Aprili alikumbushwa tena, akasema mvua zikiisha. Mei akasema salfa ikiisha, ilhali salfa haiishi mpaka yeye awe ameshafika Songea. Mama Gladness alimbembeleza, kisha akamwamuru, kisha akarudi kumbembeleza. Na katikati ya hayo akapiga simu Nesi Francisca, wa zahanati moja kati ya zile nne. Lenzi hizi ni plastiki, zinakwaruzika kwa mchanga na kwa kufutwafutwa, na asipotumiwa nyingine kila baada ya muda anabaki na kioo cha kutazamia giza. Mimi ndiye niliyepokea simu ile.

"Mama Mwajuma," alisema, "nimebaki na moja, nayo naona mawingu tu. Shule mbili zinanisubiri nipime watoto. Niwaambie nini walimu?"

Nilimwambia asubiri kidogo. Baada ya hapo nilikaa stoo kwangu na sikufanya kazi yoyote mpaka saa ya kutoka.

Ndipo nikakumbuka kwamba amri ya Mkuu inaweza kukwepwa, lakini haki ya mtani haikwepeki, na anayejua hilo kuliko wote ni Mzee Mbawala mwenyewe. Baba yangu alipofariki, Mzee huyu alisafiri hadi Masasi, akashuka ndani ya kaburi lililokuwa tayari, akalala chali, akasema Myao huyu hazikwi mpaka Mngoni apewe jogoo. Ndugu zangu walicheka huku machozi yanawatoka. Aliletewa jogoo, akatoka, akashika koleo, na siku ile hakuna mtu aliyezika kwa bidii kama yeye. Mtu wa namna hiyo hawezi kukataa utani ukimgeukia. Atakuwa amejivua Ungoni wake.

Jumamosi ya tarehe 14 mwezi huu, alipakia vitu vyake kwenye Fuso pale nyumbani kwake Likombe ili vitangulie Songea. Wayao wa Kituo tukafika mapema: mimi, dereva wetu Ramadhani, na wengine wachache, na Odete akatufuata kwa sababu mke wa Mzee alikuwa amemwomba amsaidie kupika. Tukatandika mikeka mbele ya magurudumu, tukakaa, tukaanza kupiga sufuria. Mzee Mbawala alipotoka akatukuta alifurahi kweli. Alileta soda. Tukakataa. Akamleta jogoo, tukamwangalia yule jogoo tukasema amekonda kama Mngoni aliyekosa vita. Majirani walikuwa wamejaa uani wanashangilia. Ramadhani akapanda juu ya mzigo kutafuta cha kuteka, na kati ya kitanda na kabati akakuta viroba vitatu vizito vilivyofungwa kwa kamba ya katani.

Mzee Mbawala akasema vile visiguswe. Ukimwambia mtani kitu kisiguswe umemwonyesha pa kushika. Sote tulijua ni korosho, korosho nzuri za daraja la kwanza anazozipeleka kwao kimyakimya. Ramadhani akakivuta kimoja, akakibwaga chini, kikapasuka.

Vikamwagika vipande vya plastiki. Vilikuwa vingi mno, vikatawanyika uani vikimetameta, na watoto wa jirani wakaanza kuviokota. Sufuria zikanyamaza moja moja. Mimi nilikijua kila kipande, kwa kuwa vyote vilipita mikononi mwangu vikiwa vizima. Sasa vilikuwa vimetoboka, vimeungua ukingoni, vimejaa viputo, vingine vina ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Odete alichuchumaa, akachukua kimoja, akakiinua kwenye mwanga. Alikiangalia muda mrefu. Kisha akachukua kingine.

"Baba," alisema, "hivi vyote?"

Mzee Mbawala alikaa kwenye ngazi ya mlango wake. Alisema vile ni vya mwaka huu na mwaka jana, vya nyuma alikuwa amevifukia chini ya mikorosho, na hivi hakuvifukia kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu. Kisha akasema maneno ambayo sikutarajia kuyasikia kutoka chini ya masharubu yale.

"Kila asubuhi nakaa pale sijui. Najaribu tu. Kikitoka kizuri ndiyo nakipitisha chini."

Nitasema wazi nilivyojisikia, kwa sababu utani nao una mwisho. Kwanza nilimwonea huruma. Mtu alipewa kazi asiyoijua mbele ya kikao kizima, akaona haya kusema hajui, na kwa sababu siku ya kwanza hakusema, siku ya pili ikawa ngumu zaidi, na baada ya mwaka ikawa haiwezekani. Akaanza kuyabeba makosa yake nyumbani ndani ya mkoba kila jioni, kama mtu anayeiba ofisini, kumbe anachokiiba ni aibu yake mwenyewe. Ndiyo maana chumba kilikuwa safi. Ndiyo maana hakukosea kamwe.

Halafu nikakasirika, na hasira hiyo haijaisha wakati ninaandika. Maana Odete alikuwa amechuchumaa pale na kipande mkononi, na nywele zake zimeanza mvi. Alifika Kituoni msichana. Angeweza kukosea pamoja naye tangu mwaka ule, vichwa viwili juu ya mashine moja, na leo tungekuwa na lenzi za kutosha mkoa mzima. Lakini Mzee alitaka aitwe bingwa, na sisi tulipenda kuwa na bingwa, kwa sababu ukiwa na bingwa wengine wote mnapata kupumzika. Hakuna hata mmoja wetu aliyelivuta lile pazia. Kanga ni kitambaa tu, mtoto angeweza kuivuta. Tuliogopa kujua.

Nilimwambia mbele ya majirani kwamba soda hatutaki na jogoo abaki na mwenye kukonda mwenzake. Tunataka kanga. Aishushe Jumatatu kwa mkono wake mwenyewe, na akae na Odete kwenye mashine mpaka siku ya sherehe, na viroba vile virudi stoo. La sivyo, Fuso haliondoki na sisi tutazeeka pale kwenye mikeka. Hakucheka. Alimwangalia Odete, si mimi. Odete alikuwa bado anakusanya vipande, anatenga vyenye viputo upande huu na vilivyotoboka upande ule, kama mtu anayechambua mchele. Mzee akainuka, akachuchumaa karibu naye, akaanza kumwonyesha kimoja kimoja: hiki siku ya mvua, hiki umeme ulipanda, hiki sijui mpaka leo.

Jumatatu kanga ilishuka. Wengi mlikuja kuchungulia, na mtakumbuka mlichokiona: mashine ya kawaida tu, kiti chenye mto uliochakaa, na Mzee Mbawala anatoka jasho. Alipiga mwale wa kwanza, akatoboa. Wa pili, hakuna kitu. Wa tatu ukatoboa tena, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa koti na kile kipande. Odete alimnyooshea kiganja. Ilimchukua muda Mzee kuutoa mkono mfukoni, akakiweka kipande kwenye kile kiganja, na hapo hasa, kwa maoni yangu, ndipo alipokabidhi ofisi.

Kumbe mengi alikuwa akiyajua bila kujua kwamba anayajua. Anajua plastiki iliyokauka vizuri inavyolia ikigongwa kwa kucha. Anajua harufu inayotangulia kabla kipande hakijaungua, na kwamba mashine ikipumzika kidogo baada ya umeme kuyumba inatulia. Alikuwa hajawahi kuyasema kwa sauti, kwa hiyo hakuwahi kuyasikia. Odete anauliza, yeye anajibu, Odete anajaribu, wanakosea, wanaviweka vilivyoharibika mezani peupe. Siku ya kwanza Odete hakupata hata lenzi moja. Iliyofuata alipata moja yenye umbo la yai. Kufikia Ijumaa alikuwa amepata tatu za duara kamili, na meza imejaa vilivyoharibika, na hakuna aliyekufa.

Lenzi hizo zilipelekwa kwa Nesi Francisca kwa basi, ndani ya kiboksi cha dawa, bila mchele. Jumanne ya wiki hii alipiga simu. Alisema waambieni huyo fundi wenu kwamba leo nimempima mtoto wa darasa la tatu, na mayai nimeyaona, nimeona mpaka mwiba. Akauliza ni Mzee Mbawala huyo? Nikamwambia hapana, ni Odete. Akasema hajawahi kumsikia.

Tatizo letu sasa ni kumnyamazisha Mzee Mbawala. Aliyekaa kimya miaka kumi na mitatu hafungi mdomo. Amemfundisha mlinzi wa getini namna ya kugonga plastiki kwa kucha. Amemsimulia mpishi habari ya viputo, na mpishi, akikumbuka lile pilau, hakupenda mazungumzo. Juzi alimwomba Mama Gladness aongezewe mwezi mmoja, bure, akae tu pembeni ya Odete. Mama Gladness aliniuliza maoni yangu kama mtani. Nilisema hapana. Odete ameliangalia pazia vya kutosha. Sasa aachwe aangalie mwenyewe. Simu ipo, akikwama atampigia.

Bwana Mbawala, Kituo kinakushukuru kwa fotokopi zote ulizozifufua, kwa lenzi zote zilizofika mtoni, na kwa kulala ndani ya kaburi la baba yangu siku ambayo nilikuwa sina nguvu ya kucheka. Fuso lako limeshaondoka, viroba vyako vimebaki stoo kwangu na Odete ana ufunguo. Mama yetu, mke wako, tunamshukuru kwa kanga, na samahani kwa kuichelewesha. Wewe ulikuwa mtu mwema, mtani wangu, na ulituchelewesha miaka kumi na mmoja kwa kuogopa macho yetu. Yote mawili ni kweli, nami nimekataa kuandika moja tu.

Nenda Songea salama. Mahindi yakukubali, magoti yakuchukue, wajukuu wakuzunguke mpaka uchoke. Na kila utakalojaribu huko, ukosee huku mlango ukiwa wazi.